Kisu Kilichojikunja Kabuchai

Wilkista Nelima aliingia katika duka la vifaa la Ndirangu mjini Kitale saa nne asubuhi, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo, na hakumsalimia mtu. Wateja wawili waliokuwa wakipimiwa misumari walimpisha wenyewe. Uso wake haukuwa wa mtu wa kuambiwa angoje.

Watu wa Tongaren humwita Daktari, ingawa yeye mwenyewe husema ni mhudumu wa mifugo tu, mwenye cheti na pikipiki. Miaka kumi na tano amezunguka akitibu ng'ombe, na miaka yote hiyo mfuko wa ovaroli yake haujakosa kisu cha kukunja. Si cha kumtishia mtu. Ni cha kukatia kamba, kufungulia maboksi ya dawa, kuchokoa jiwe lililokwama kwenye kwato, na mchana, akishakisafisha kwa spiriti, kumenyea chungwa. Kile cha zamani alikinoa mpaka bapa likaisha, likabaki jembamba kama jani la kitunguu. Ndipo mwezi wa tatu, alipokuja Kitale kuchukua dawa, akaingia kwa Ndirangu kutafuta kingine.

Siku ile alikifungua kisu alichoonyeshwa, akasikia loki, kifungio kinachozuia bapa lisijikunje, ikilia "ta!", kisha akauegemeza mgongo wa bapa kwenye kaunta ili akandamize aone kama kitajikunja. Ndirangu akamnyang'anya kisu mkononi.

"Madam, si utaniharibia kitu bana! Hii ni chuma ya Ujerumani. Ati wanajeshi ndio wanabeba."

"Nataka tu kujua kama loki inashika."

"Inashika kuliko mlango wa jela. Na kwani wewe utafanyia nini kisu, si ni kukata machungwa?"

Waliokuwepo wakacheka. Mvua ilikuwa imetanda upande wa Mlima Elgon na njia ya kurudi ilikuwa ya udongo mtupu. Wilkista akalipa, akaondoka. Baadaye ni jambo hilo lililomkosesha amani kuliko mengine yote: kwamba alijua la kufanya, akaacha kulifanya kwa sababu ya kicheko.

Wiki tatu baadaye alikuwa Kabuchai, nyumbani kwa Phelista, mjane anayelima miwa na kufuga ng'ombe wawili. Alikuwa amekuja kumchanja mmoja wao. Hata hajafungua kisanduku chake, akamsikia Phelista akipiga kelele kutoka kwenye mtaro wa maji kando ya shamba. Ndama wake jike, wa miezi mitano, alikuwa ameteleza mtaroni huku kamba yake imenasa kwenye kisiki juu. Alikuwa ananing'inia, ulimi nje, miguu ya nyuma ikikwangua matope.

Wilkista aliruka ndani. Kamba ilikuwa imezama shingoni hata kidole hakipiti. Akafungua kisu kwa haraka, akapenyeza ncha chini ya kamba, makali yakitazama juu, akaanza kukata. Nyuzi za kwanza zikaachia. Ndama akarusha kichwa kwa nguvu zake za mwisho, shingo ikaugonga mgongo wa bapa, na loki ile ya kuzidi mlango wa jela ikaachia. Kisu kikajifunga na vidole vya Wilkista vikiwa ndani yake.

Alikichomoa kwa mkono wa kushoto akajaribu tena, lakini damu ilikuwa imeloanisha mpini, ukawa unateleza kama sabuni. Phelista alikimbilia panga jikoni. Aliporudi na kamba ikakatwa, ndama alianguka matopeni, hakuinuka tena.

"Pole, Daktari," Phelista alisema, akimfunga vidole kwa leso yake. "Umejaribu."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Yule ndama ndiye Phelista alimtegemea achukue nafasi ya mama yake aliyezeeka. Wilkista alikaa kwenye ukingo wa mtaro. Haukuwa uchungu wa mkono uliomkalisha pale. Ni hasira. Hospitalini Bungoma walimshona nyuzi tisa na kumwambia kwamba mshipa wa kidole cha shahada umekatika, na kwamba huenda kisikunjike tena.

Sasa basi, pale Kitale, alikitoa kile kisu kwa mkono wa kushoto akakiweka kaunta.

"Unakikumbuka?"

Ndirangu alikitazama, akautazama mkono. "Pole sana, madam. Lakini kisu ni kisu. Ukishika vibaya itakukata."

"Nilishika vibaya?"

"Mimi sikuwa hapo. Nasema tu, kisu haina makosa. Ni mkono."

Wilkista alikifungua. Loki ikalia "ta!" vilevile kama siku ya kwanza. "Sawa. Leta mkono wako."

"Ya nini?"

"Weka vidole hapa kwenye mpini, kama mtu anayekata kamba. Mimi nitasukuma mgongo wa bapa kidogo tu, kwa kidole kimoja. Kama kisu hakina makosa, hutaumia."

Ndirangu aliicheka ile kauli, lakini mikono yake ilikuwa tayari imeshuka chini ya kaunta.

"Leta mkono, Ndirangu! Si ni chuma ya Ujerumani? Si wanajeshi wanabeba?"

"Madam, usiniletee fujo kwa duka. Nitakupatia ingine, twende hivyo."

"Ingine ya sanduku lilelile?" Alikandamiza bapa kwenye ukingo wa kaunta, bila hata kutumia nguvu, nalo likajikunja mbele ya macho ya kila mtu. Mmoja wa wateja, mkulima aliyeitwa Kimeli, alitoa mfukoni kisu kama hicho, akakijaribu palepale. Nacho kikajikunja. Alikiweka kando ya kile cha Wilkista, akamkazia macho Ndirangu.

Ndirangu alianza kulivuta sanduku la visu kutoka kwenye kabati la kioo, akinung'unika kwamba hata yeye huletewa tu, hakuvitengeneza. "Ungeniacha nikijaribu siku ile," Wilkista alimwambia, "ungejua." Akatoka bila kuchukua kitu.

Kisu kingine alikinunua Bungoma, kwa Mary Ann, mwanamke anayeuza vifaa vya mkono karibu na soko. Alijaribu saba. Alikandamiza migongo, akatikisa mabapa kuona kama yanacheza kwenye skrubu, akalowesha mipini kwa maji ya sabuni aliyokuja nayo kwenye chupa. Mary Ann alimtazama tu.

"Jaribu mpaka uridhike, dada. Ikivunjikia hapa ni yangu."

Alichagua chenye bapa lisilozidi upana wa kiganja, mpini wa rangi ya machungwa usiopotea nyasini, na tundu kwenye bapa linaloruhusu kukifungua kwa dole gumba la kushoto, maana mkono wa kulia haukuwa wa kutegemewa tena.

Majuzi alikuwa Matulo, kwa mzee Wepukhulu, akimfunga ng'ombe jeraha. Alimpa mzee kisu akate bendeji. Mzee alikata, kisha akamrudishia Wilkista kikiwa wazi, ncha ikimwelekea.

"Hapana, mzee. Kifunge kwanza."

"Aa, Daktari, si ni kitu kidogo?"

"Kifunge!"

Wepukhulu alishtuka, akakifunga polepole, akampa. Wilkista akakipokea bila kumwomba radhi, akageuka kumshika ng'ombe.