Pambio Lililowahi

Mama Sauti alikuwa na sauti, wewe acha tu. Akiimba nyuma ya cherehani yake, muuza mkaa wa upande wa pili wa barabara huitikia bila kutaka. Kanisani, alikoongoza kwaya, jina likamkaa, likamkolea, mwisho likampanda kichwani. "Wachungaji huja na kuhamishwa," alipenda kusema, "kwaya ndiyo inayobaki." Wenzake walicheka. Hakuna aliyemwambia kwamba mzaha huo una mwiba ndani.

Jambo moja tu lilimkosesha usingizi: mumewe. Yule bwana, fundi magari, hakuwa adui wa dini, ila kanisani hakanyagi, ukiondoa harusi na misiba. Mama Sauti alimwombea, akamsema, akamnunia, akamwekea vijitabu vya wokovu kwenye sanduku la spana. Fundi alivitumia kufutia oili.

Basi akaletwa mchungaji mpya. Mpya gani! Mtoto wa hapo hapo, aliyesoma shule ya Jumapili kwa Mama Sauti mwenyewe, akikaa benchi la mbele na pua inayochuruzika mwaka mzima. Watoto walimwita Kamasi. Wenzake wote walishasahau, lakini Mama Sauti, thubutu! Akimpima mteja kiuno, tepi shingoni, atasema, "Juzi Kamasi alijitahidi kuhubiri," na mteja atacheka mpaka kipimo kiharibike.

Siku moja mchungaji alimfuata dukani, akasimama mlangoni mpaka alipokaribishwa.

"Shikamoo, mama. Nina ombi. Nikimaliza kuhubiri nitakuwa nanyamaza kidogo, mtu apate nafasi ya kufikiri, na anayetaka kuja mbele aje. Kwaya isubiri mpaka nikutikisie kichwa."

"Marahaba. Nimesikia, mwanangu."

Kusikia alisikia. Kutii ni habari nyingine. Alipoondoka tu, Mama Sauti akamgeukia mteja wake: "Nimempangusa pua huyu kwa kanga yangu. Leo anifundishe pa kuanzia wimbo?" Tena kwake kimya ibadani kilikuwa kama mshono ulioachia. Ukiuona, unakimbilia sindano.

Jumapili ikafika. Mchungaji akahubiri, akafunga Biblia, akasema kwa upole, "Kama kuna mtu amechoka kukaa nje, aje. Hakuna atakayemcheka hapa." Akanyamaza.

Kwaya hukaa viti vya mbele kabisa, imewapa watu wote mgongo. Mama Sauti alimwangalia mchungaji, akaangalia dari, akamwangalia tena. Kimya. Mtu akakohoa. Bado kimya.

"Ameishiwa, maskini," akamnong'oneza jirani yake.

Akainuka, akampa ishara mpiga ngoma, akaliangusha pambio. Mchungaji akainua mkono, kiganja wazi, kumzuia. Na hapa tusidanganyane, jamani: aliuona. Aliuona ule mkono vizuri kabisa. Akafumba macho, akaongeza sauti.

Kanisa zima likasimama. Makofi, vigelegele, benchi zikasogezwa. Pambio likarudiwa na kurudiwa, na lilipokwisha mchungaji akaomba sala fupi, sauti yake chini, akawaruhusu watu waende.

Nje kina mama walimzunguka. "Leo umetuokoa!" Akafika kwa mchungaji, aliyekuwa mlangoni akiwapa watu mkono, akamchekea. "Usijali, mwanangu. Hata wakubwa hukwama."

Mchungaji hakucheka. "Mama, nenda nyumbani ukazungumze na mzee."

"Ana nini? Anaumwa?"

"Alikuwa hapa."

Akaenda nyumbani mbiombio. Alimkuta mumewe sebuleni, amekaa na viatu miguuni. Alikuwa amevaa lile shati jeupe alilomshonea mwenyewe na ambalo halikuwahi kutoka kabatini. Kucha zake, ambazo siku zote zina grisi, alikuwa amezisugua mpaka nyama imekuwa nyekundu.

"Ulikuja?" akauliza Mama Sauti.

"Nilikuja."

"Na mimi mkeo usiniambie?"

"Ningekuambia, mtaa mzima ungejua kabla sijafunga vifungo." Hakusema kwa hasira. "Yule kijana amekuwa akipita gereji. Anakaa juu ya tairi, ananisikiliza. Leo nikasema niende. Nikakaa nyuma. Alipoita, nikasimama. Nilikuwa nimeshafika katikati ya viti, mara ngoma! Watu wakainuka wote, wanapiga makofi, wengine wananisukuma nicheze. Nikadhani ibada imekwisha. Nikaona amekuinulia mkono. Nikakuona unafumba macho."

 

"Hapa nyumbani mwenye kauli ni wewe," fundi akaendelea, "na mimi nimezoea, sina neno. Nilidhani kule mwenye kauli ni Mungu."

Loh! Kuna maneno ambayo hayahitaji kupazwa. Mama Sauti alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka yote hiyo alimwomba Mungu amlete huyu mtu, Mungu akamleta mpaka katikati ya kanisa, na yeye ndiye aliyemfukuza, tena kwa wimbo wa sifa. Akaona haya kwa kila mara aliyomwita Kamasi mbele ya wateja. Akaona haya zaidi kwa sababu alijua: hata kama pasingekuwa na mtu aliyesimama, mkono ule ulikuwa wa kutiiwa.

Jioni alikwenda kwa mchungaji. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Mchungaji," akasema, mara ya kwanza kumwita hivyo, "nimekukosea. Nimemkosea aliyekuweka. Nipokonye kwaya."

Mchungaji naye akasimama, kwa sababu hakuweza kukaa mwalimu wake akiwa amesimama. "Nimekusamehe, mama, na Mungu amekusamehe. Kwaya endelea nayo. Ila uniangalie."

"Na mume wangu? Nenda ukamrudishe, tafadhali. Wewe anakusikia."

"Nilipita kwake kabla hujaja. Kaniambia nisubiri. Nami siwezi kumburuta kwa kamba."

Jumapili iliyofuata Mama Sauti alisimama mbele ya watu wote akaungama kwamba aliuona mkono na akaudharau. Wale kina mama waliompongeza waliinamisha vichwa. Mahubiri yakaisha, kimya kikaingia. Mama Sauti alimkazia macho mchungaji, hakuthubutu hata kukohoa. Nyuma yake hakusikia hatua zozote. Mwishoni mchungaji akatikisa kichwa, naye akaanza wimbo kwa sauti ndogo mpaka mpiga ngoma akashangaa.

Alirudi nyumbani akamkuta fundi ugani, amevaa nguo za kazi.

"Leo nilisubiri," akamwambia.

"Kuna aliyesimama?"

"Hakuna."

Fundi aliyatazama mabuti yake. "Kusimama kule kulinichukua nusu ya maisha yangu, mama watoto. Sijui kama ninayo mara ya pili."

Maneno yalimjaa Mama Sauti mdomoni: ya kubembeleza, ya Biblia, ya kumsukuma. Akayameza yote, akakaa chini karibu naye, akanyamaza.