Maneno ya Darajani

Siku yangu ya kwanza kazini, Njombe mjini, Mmiliki wa ukumbi alinikabidhi maiki iliyofungwa plasta, akanionya nisiamini chochote kilichochorwa kwenye kava la CD. "Kava lina helikopta, ndani hamna hata baiskeli," alisema. "Wewe shuku kwanza, utafsiri baadaye." Mimi tayari nilikuwa mtu wa kushuku. Nyumbani walinitania kwamba nikipewa chai nainusa kabla sijasema asante.

Ninyi mnaotazama filamu kwenye simu mkiwa ndani ya blanketi, huenda hamjui mtafsiri alikuwa nani. Ukumbi tuliuita kibanda umiza: mabenchi ya mbao, televisheni yenye chogo, deki, na pembeni mtu mmoja mwenye maiki anayeeleza kwa Kiswahili kila linalosemwa. Kila asubuhi nilipitia mkanda, yaani niliutazama peke yangu nikiandika daftarini nani steringi, yaani shujaa wa filamu, nani adui, nani anakufa na kwa nini. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, palipobaki nilijaza. Kujaza lilikuwa neno la kazi. Pale usipoelewa, au mkanda wenyewe unapokosa maana, unaweka maneno yako. Mmiliki alikubali tujaze, ila kidogo, watu wasishtuke.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia Lupembe, kwenye ukumbi wa mtu tuliyemwita Mwenyekiti, ingawa sikuwahi kujua alikuwa mwenyekiti wa nini. Huko ndiko nilikokutana na mkanda wa yule jamaa aliyekunywa maji ya kisima akapata nguvu za kuruka na kuinua malori. Ulikuwa mkanda mbovu, sifichi. Steringi alivaa suti ya raba ya kijani iliyomkunjika magotini. Katikati ya filamu daraja linakatika, na nguvu za steringi za kuruka sijui zimekwenda wapi. Mkono mmoja ameshika chuma, mwingine amemshika mdogo wake. Mdogo anafumbua kinywa, muziki unafunika maneno, mkono unaachia, kijana anazama. Kinachofuata, steringi yuko hotelini anakula kuku na kucheka na mchumba wake. Hakuna kilio, hakuna matanga!

Nilirudisha kipande kile mara tano, sikusikia neno. Nikajua jioni watu watanizomea mimi, maana waliotengeneza walikuwa mbali. Basi nikajaza. Mdogo mtu alipofumbua kinywa, nikasema kwenye maiki, "Niachie, kaka. Mama asitukose wote wawili." Ukumbi mzima ulilia. Hata yule kuku wa hotelini walimsamehe. Mwenyekiti alinishika bega akasema, "Hii filamu umeitengeneza wewe." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Kila tuliporudia mkanda ule alikuja Zakaria, karani wa mizani aliyepima majani mabichi ya chai kabla ya lori kuyapeleka kiwandani. Alikaa benchi la mbele, na kipande cha daraja kikiisha alitoka. Niliambiwa habari zake: kabla sijafika Lupembe, yeye na mdogo wake Yohana walipanda juu ya lori la majani, mto ukiwa umefurika, lori likatumbukia. Zakaria aliokoka. Tangu hapo hakuwahi kumwambia mtu yeyote kilichotokea majini.

Siku moja alinisubiri mlangoni. "Mtafsiri, yale maneno ya darajani yamo kweli kwenye mkanda, au ni yako?"

"Yamo," nilimjibu bila kupepesa macho.

Mwezi uliofuata familia yao ilifanya ibada ya kumbukumbu. Nami nilikwenda. Zakaria alisimama mbele ya mama yake na usharika wote, akasema sasa yuko tayari kueleza maneno ya mwisho ya Yohana. "Alisema: Niachie, kaka. Mama asitukose wote wawili."

Nilishika benchi kwa mikono miwili. Yalikuwa yangu, neno kwa neno. Nilimwangalia yule mama akifuta machozi, akiitikia kwa kichwa, nikapoteza kabisa ujasiri wa kusimama niseme kweli. Tangu siku hiyo nilimshuku Zakaria. Kama ameiba maneno yangu, yale ya kweli ya Yohana ameyaficha wapi, na kwa nini? Sikumuuliza. Nilitafuta kazi kwingine.

Nilipata Makambako, jirani na stendi, kwa mama mmoja aliyetaka aitwe Mkurugenzi. Nilikaa kwake miaka mingi, mpaka siku alipoleta mkanda wenye jina lilelile: filamu ya yule jamaa wa kisimani, imechezwa upya, steringi mwingine.

"Mbona wameirudia?" Mkurugenzi aliuliza akiligeuza kava. "Ile ya kwanza iliibiwa?" Wateja nao walisimama mbele ya tangazo wakinung'unika. "Steringi siye huyu! Mnatuletea feki." Hata mimi niliona tunapewa majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa.

Asubuhi nikaupitia. Mpaka nusu yake nilikuwa sijaandika kitu daftarini, kwa jinsi ulivyonikamata. Mapigano yalikuwa machache, na watu waliopigwa waliumia kweli. Likaja daraja. Safari hii muziki ulinyamaza. Mdogo mtu akasema wazi, hata mtoto wa kidato cha kwanza angesikia: "Usiniache." Steringi akamwachia. Hotelini hakwenda. Filamu yote iliyobaki alikuwa anashindwa kula, anashindwa kulala, anashindwa kumtazama mama yake usoni. Ulikuwa mkanda bora kuliko wa kwanza mara kumi, na mimi niliuchukia kwa sababu hiyohiyo. Niliogopa.

Mchana simu ikaita, mtu akanisalimu kwa kilugha cha Lupembe. "Kamwene, mtafsiri. Ni Zakaria. Nimesikia imerudi. Niko kwenye gari, nimeshapita Njombe."

Nikamwomba Mkurugenzi tuahirishe. Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Unatoka jasho na baridi yote hii? Umeuzia ukumbi wa jirani kopi, au nini?"

Zakaria alikaa benchi la mbele, mvi zimemjaa. Daraja lilipokatika, nilijua bado naweza kusema maneno yangu ya zamani. Wachache wenye Kiingereza wangenicheka, basi. Lakini Zakaria asingejua kuwa nilimdanganya, na mama mmoja wa Lupembe angebaki na faraja yake. Nilimtupia Zakaria jicho. Hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa ananitazama mimi.

"Usiniache," nilisema.

Ilipoisha nilimfuata, nikaanza kuomba radhi. Alinikatiza. "Nilijua ulinidanganya tangu siku ile. Ulijibu haraka mno. Yohana alisema hivyohivyo alivyosema huyu wa leo. Usiniache, kaka. Na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Ningemwambiaje mama?" Alijipangusa uso kwa kofia. "Twende wote. Siwezi kuingia pale peke yangu."

Jumapili tulikuwa Lupembe. Mama yake alitumiminia chai, akaendelea kuambua maharage. Nilianza mimi, nikakiri kwamba maneno yale niliyatunga ukumbini. Kisha Zakaria akasema yale ya kweli.

Mama hakuacha kuambua. "Nilijua," alisema. "Yohana alikuwa mwoga wa maji. Tukivuka kijito alining'ang'ania gauni mpaka nashindwa kutembea. Yule hawezi kusema niachie. Nilikuwa nakungoja wewe uje uniambie mwenyewe, mwanangu, ila hukuja." Akaambua ganda jingine. "Baada ya hapo, aliniita?"

"Alikuita, mama," Zakaria alijibu. "Mara mbili."

Mwezi ule nilimrudishia Mkurugenzi maiki yake. Siku hizi nalima viazi Kitandililo, na vijana wakiniuliza filamu ipi kati ya zile mbili ilikuwa bora, nawaambia ya pili, bila ubishi, ingawa ndiyo iliyonistaafisha. Wauzaji wa mbegu bado nawashuku, na mizani yao pia.

Lakini kuna mtu mmoja niliyekataa kumshuku. Kazi ile ilinifundisha kumtambua mtu anayejaza, kwa kumtazama tu mdomoni. Zakaria alipomjibu mama yake, ningemtazama ningejua palepale. Sikumtazama. Niliinamia kikombe changu mpaka mama alipomaliza kulia.