Ushuhuda Wangu na Vidonge vya Agnes

Hii aibu ningependa kuzikwa nayo, lakini kwa vile kanisa letu lote hapa Kitengela liliiona, wacha niwaambie mwenyewe.

Tumbo lilinisumbua miezi mitano, nikakonda mpaka suruali ikawa inashikwa na mshipi tu, na daktari akaniingiza kamera kwa utumbo akakata vinyama vya kupima. Akasema, "Hii inaweza kuwa TB ya matumbo, ama ule ugonjwa wa utumbo kuvimba wenyewe. Kwa macho zinafanana. Usimeze chochote mpaka majibu yarudi."

Nikasema sawa daktari. Halafu nikapita Embulbul kwa binamu yangu Agnes, ambaye yuko na huo ugonjwa wa pili, akasikiza dalili zangu zote akasema, "Hiyo ni kama yangu tu," akanipa vidonge vyake kwa bahasha (na mimi mtu mzima, baba ya watoto watatu, nikapokea).

Siku ya tatu nilikuwa nakula kama mtu wa mjengo. Ilikuwa Jumapili, nikasimama mbele nikashuhudia kwamba nimepona, majibu hata sihitaji, na nilipotoa kitambaa nipanguze jasho (kumbe ilikuwa homa) bahasha ikaanguka, mke wa pasta akaiokota akaisoma kwa sauti, kwa wema tu, "Agnes, vidonge vinane kila asubuhi."

Niliona wazee wakiangaliana, kila mtu akijiuliza huyu Agnes ni wa wapi. Mke wangu akasimama, nikajua ananiokoa.

"Baba Mutheu, umemeza dawa ya Agnes wa kwenu, na daktari alikukataza?"

Kabla nijibu tumbo likanikata, nikakaa chini pale pale mbele ya kwaya.

Kesho yake mke wangu mwenyewe akanipeleka kwa daktari. Majibu yalikuwa yamefika: TB.

"Hivyo vidonge vinalaza kinga ya mwili," daktari akasema, bila kunifokea. "Ule ugonjwa mwingine vinautuliza. TB vinaifungulia mlango isambae. Umemeza siku ngapi?"

"Tatu."

"Shukuru ni siku, si miezi. Acha leo. Hii tutaitibu na itaisha."

Mke wangu alilia kidogo, mimi nikacheka kama mjinga, vile mzigo ulinitoka.

Saa hii niko mwezi wa tano wa dawa za TB na kilo zimerudi. Agnes aliniomba msamaha, nikamwambia makosa ni ya aliyemeza. Siku hizi mtu akiniambia ugonjwa wangu ni kama wake, nampa pole, namuuliza habari ya watoto, na sichukui kitu.