Chumba cha Waridi Walichokigomea Wageni

Saa nane na nusu mchana, nusu saa kabla ya mpira kuanza, Mma Gabanthate Sebina anasimama mlangoni mwa chumba cha kuvalia cha wageni, kwenye uwanja mdogo wa mji wa Mahalapye. Ndani, kuta zote nne ni za rangi ya waridi, na dari pia. Nje, wachezaji kumi na wanane wamegoma kuingia.

"Hii rangi mmeichanganya na nini?" anauliza nahodha wao, Oteng.

"Na maji, Rra," anamjibu mama huyo kwa heshima, kama anayemwita bwana.

"Ya kuoshea maiti?"

Hakuna anayecheka.

Rra Motlhabi, katibu wa klabu ya wenyeji, anamnong'oneza mama huyo: "Mechi isipochezwa kwa kosa letu, pointi zimekwenda. Na wewe Jumatatu usije."

Mjane huyu wa miaka hamsini na minane amefagia na kutunza vyumba hivi kwa miaka kumi na mmoja. Msimu uliopita peke yake, wageni waliofungwa walivunja milango mitatu na mabenchi matano. Kipa mmoja alipiga kioo cha dirisha ngumi, mishipa ya mkono ikakatika.

"Nilimfunga mkono kwa taulo," anasema. "Damu ya mtoto wa mwenzangu. Nikasema, Bwana, haya yasirudi."

Rangi hiyo aliijulia chumbani kwake. Alipovua nguo nyeusi za msiba baada ya mwaka mzima, alipaka kuta zake mabaki ya rangi ya shule ya chekechea. "Haikunirudishia mume. Lakini niliacha kuamka nimekunja ngumi."

Alipoomba kukipaka chumba cha wageni vivyo hivyo, katibu alikubali kwa hesabu zake mwenyewe: alisikia kuwa pinki hulegeza misuli. Akaenda kujisifu baa, na maneno yana miguu.

"Mma, tuambie kweli," anasema Oteng. "Mlitaka tulegee?"

Mma Sebina anamtazama katibu. Hana kazi nyingine.

"Yeye alitaka hivyo. Mimi nilitaka msiumie. Basi nyinyi nendeni chumba cha wenyeji, wenyeji waingie humu."

Wachezaji wenyeji, waliotoka kusikiliza, wanaruka. "Sisi? Humo?" anafoka nahodha wao. "Mma, unataka tufungwe nyumbani kwetu?"

"Kumbe mlijua ni ubaya! Sasa brashi mlinipa ya nini?"

Refa anatazama saa yake. Mmoja mmoja wenyeji wanaingia, vichwa chini.

Wanafungwa bao moja, la penalti, dakika ya themanini na nane.

Baada ya mechi, Mma Sebina anasimama nje ya mlango wa chumba cha waridi, ufagio mkononi, akisikiliza. Kitu kinagonga ukuta kwa kishindo. Anafumba macho, midomo ikicheza kwa sala. Kisha mabomba ya maji yanafunguliwa, mmoja anakohoa, mwingine anaanza kumlaumu refa kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliye mezani kwake.

Katibu anapita bila kumtazama. "Jumatatu, ofisini kwangu."

"Nitakuja, Rra, Mungu akipenda," anamjibu. "Ukinifukuza, umenifukuza. Ila kwanza nitakuomba ndoo moja ya rangi hii, ya kile chumba kingine."