Kumwombea Uliyemchongea

Wasfi anatengeneza miwani. Duka lake liko kwenye mtaa wa soko la zamani la mji wetu wa Salt, mlango wa tatu ukitoka msikitini. Ukitaka kumjua ni mtu wa aina gani, mpelekee miwani iliyovunjika. Atakuambia haifai tena, kisha ataitengeneza, kisha ataona haya kukutajia bei. Ni mtu wa haya. Mimi ni jirani yake, nauza vitambaa, nimemjua tangu hajaota ndevu, na hizo haya zake zimenitia hasira mara nyingi. Haya ninayoyaeleza kanisimulia mwenyewe, ila sehemu ya katikati niliiona kwa macho yangu maana nilikuwemo.

Rafiki yake ni Thamer. Wamekula sahani moja tangu darasa la kwanza. Thamer ni mwalimu wa michezo katika Shule ya Mnara, shule ya kulipia iliyo juu kule kilimani. Ni mrefu, mcheshi, mtu ambaye akiingia harusini watu husogea ili akae katikati. Wasfi alipotaka kumwoa Nisrin, binti wa Kisyria kutoka Daraa aliyekimbia vita na kuishi kwa mjomba wake mjini Mafraq, baba yake Wasfi aligoma kabisa. Thamer ndiye aliyekusanya wazee, akawapakia kwenye magari, akaenda nao hadi Mafraq wakaposa. Jambo hilo Wasfi hakulisahau, na Thamer naye hakumwacha asahau.

Huyu Thamer ana ukurasa wake mtandaoni. Jina lake kamili, picha yake, filimbi shingoni. Anaandika vichekesho juu ya wakwe, mikutano ya ukoo, mabwana harusi wanaokwama na gari mlimani. Maelfu ya watu wanamfuata. Majira ya baridi yaliyopita akagundua kwamba akiwataja Wasyria watu hucheka zaidi, basi akakaa hapo hapo. Siku moja akaandika: “Siku hizi ukinunua friji unapewa na mke wa Kisyria juu. Rafiki yangu kachukua mmoja, mwaka wa kumi huu, na dhamana bado haijaisha.”

Salt ni mji mdogo. Hakuna aliyeuliza ni rafiki gani.

Dada yake Nisrin aliyebaki Mafraq ndiye aliyemtumia maandishi hayo, bila kuongeza neno. Nisrin alingoja mpaka binti yao Tala, wa miaka minane, alipotoka mezani, kisha akaiweka simu mbele ya mumewe.

“Umeiona?”

“Nimeiona.”

“Na?”

“Nitasema naye.”

“Haya, sema naye,” Nisrin akajibu, akaanza kukusanya sahani.

Alisema naye kweli. Thamer alipita dukani kesho yake kama kawaida yake, akajitupa kwenye kiti cha wateja.

“Abu Tala, mbona umenuna kama bibi harusi aliyenyimwa dhahabu?”

“Ile ya friji. Ifute.”

“Mzaha ule, kaka. Nani kamtaja mkeo? Umm Tala ni dada yangu. Majani ya mzabibu anayoyafungia wali nimeyala mimi kuliko wewe.”

“Ifute tu, Thamer.”

“Nikiifuta watasema nimetishwa. Na wewe utakuwa wa kwanza kunicheka. Acha hizo, nipe chai.”

Wasfi akampa chai. Hapo ndipo mimi ningemmwagia hiyo chai, lakini si duka langu. Siku mbili baadaye Thamer akaandika nyingine, mbaya zaidi, juu ya wanafunzi wake mwenyewe: kwamba akipanga mstari uwanjani, watoto wa Kisyria yeye hawatafuti kwa macho, anawatafuta kwa pua.

Siku hiyo Wasfi alifunga duka adhuhuri na kuvuta pazia. Alifungua anwani mpya ya barua pepe isiyo na jina, akaambatisha picha za yale maandishi yote, akaiandikia ofisi ya shule. Alianza hivi: “Mimi ni mzazi katika shule yenu.” Uongo huo. Tala anasoma shule ya serikali, dakika tano kutoka nyumbani. Alieleza kwamba mwalimu wa namna hii hapaswi kusimama mbele ya watoto, kwamba kuna nyumba zinazoumia kimya kimya kwa maneno yake, na kwamba anayeandika anamfahamu mtu huyu na haandiki kwa chuki. Kisha akabonyeza kutuma. Mimi sioni ubaya wa kupeleka habari. Ubaya ni kwamba alimtuma mwajiri akafanye kazi ya rafiki, tena ya mume.

Shule haikuchelewa. Haikupita wiki, Thamer akaachishwa kazi. Na mtu wa kwanza aliyemwendea alikuwa Wasfi.

“Nimechongewa,” alisema, akakaa kwenye kiti kile kile, macho mekundu. “Mzazi, wanasema. Mzazi asiye na jina. Mke wangu ana mimba ya tano na mama sijamwambia. Nikimjua huyo mtu, Wasfi. Nikimjua tu.”

“Pole,” Wasfi akasema.

“Wewe una akili ya vitu hivi. Nisaidie kumtafuta.”

“Nitaangalia,” Wasfi akajibu, na tangu siku hiyo kila jioni alikuwa akiulizwa ameona nini. Alikuwa akitunga majibu. Alikonda. Nilimwuliza kama ana kisukari.

Sasa, hapa kwetu mtu hafukuzwi yakaisha. Ukoo wake ukakaa, ukaamua kupeleka jaha, msafara wa wazee wa kuombea radhi, kwa Haji Muflih, mwenye shule. Wanaume wanakwenda kwa wingi nyumbani kwa mwenye haki, wanamiminiwa kahawa, na msemaji wao anaiweka finjani yake chini bila kuionja. Hainywi, na wengine hawanywi, mpaka mwenye nyumba atoe anachoombwa. Kuachiwa kahawa ipoe na wageni ni aibu ambayo hakuna anayeitaka, ndiyo maana kwa kawaida mambo humalizwa kwa simu kabla, na kahawa huwa ya picha tu. Lakini Haji Muflih hakupokea simu ya mtu.

Thamer akaja dukani.

“Ijumaa baada ya alasiri. Wewe utakaa kulia kwa Haji Dhiab,” alisema. Haji Dhiab ndiye mkubwa wao, ndiye angesema. “Nataka wakuone.”

“Kwa nini mimi?”

“Kwa sababu ya mkeo. Wakisema nawachukia Wasyria, wewe ndiye jibu langu.”

“Niache safari hii. Nina mafua.”

“Mafua? Mimi nilipokwenda Mafraq kukuposea nilikuwa na homa, Wasfi. Homa. Nilitapika kando ya barabara, nikajifuta, nikaingia.”

Angefanyaje? Asipokwenda wataulizana kwa nini, na katika mji huu swali la kwa nini halilali njaa. Akienda, anakwenda kumwombea mtu aliyemchongea mwenyewe. Alifikiria kuugua kweli. Alifikiria kukiri, akamwona Thamer kwa mawazo akiinuka kwenye kile kiti, akaacha. Ijumaa akamwambia Nisrin anatoka kidogo na wazee. Nisrin hakuuliza wazee gani. Alimpigia pasi shati.

Tulikuwa watu thelathini hivi. Mimi nilikwenda kwa sababu mke wangu ni wa ukoo wao, na kwa sababu ukijulikana hukwenda ni kesi nyingine. Sebule ya Haji Muflih ni ndefu, viti vimezunguka kuta zote, hakuna pa kujificha. Wasfi aliketishwa kulia kwa Haji Dhiab. Thamer mwenyewe hakuwemo, desturi haimruhusu, alikuwa ndani ya gari nje akingoja. Binamu yake mmoja alisimama karibu na mlango, kanyanyua simu, anarekodi moja kwa moja ili ukoo wote uone. Siku hizi hata aibu hairuhusiwi kutokea bila simu.

Kahawa ikamiminwa. Haji Dhiab akaiweka finjani kwenye meza ndogo mbele yake. Tukaweka zote.

“Haji Muflih,” akaanza, “tumekuja na kosa letu mikononi. Kijana wetu ana ulimi mrefu, moyo wake si mbaya. Kahawa yako hatuinywi mpaka utupe tulilolijia.”

Haji Muflih ni mtu mdogo wa umbo, hana haraka. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaisoma yote. Ilikuwa barua. Wasfi alikaa akisikia maneno yake mwenyewe mbele ya watu thelathini, neno baada ya neno, hadi pale penye nyumba zinazoumia kimya kimya. Mzee mmoja upande wa pili akanong'ona, “Mwoga huyo. Angekuwa mwanamume angeweka jina.” Nilimwangalia Wasfi nikaona masikio yake yamekuwa mekundu. Nilidhani ni mafua.

“Mimi sikutukanwa,” Haji Muflih akasema akiikunja karatasi. “Haki hii si yangu, siwezi kuitoa. Ni ya hizo nyumba. Nileteeni mmoja tu kutoka nyumba hizo aniambie amesamehe, nami nitakunywa kabla yenu.”

Mambo yangeishia hapo, tungeondoka na kahawa imepoa, mji ungesema wiki moja na kunyamaza. Lakini Haji Dhiab ni mzee asiyekubali kurudi mikono mitupu. Akaweka mkono wake begani kwa Wasfi.

“Yupo,” akasema. “Huyu mkewe ni wa Daraa. Angekuwa na jeraha, angekuja nasi huyu? Si angekuwa wa kwanza kulalamika?”

Haji Muflih akageuka, na simu ile ya mlangoni nayo ikageuka.

“Abu Tala,” akauliza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliokuwa mbaya. “Usinijibu kwa ajili ya wazee. Mkeo hakuumia?”

Angeweza kusema aliumia. Neno moja tu. Angeweza kusema, sijui, nitamwuliza mwenyewe, na hakuna ambaye angemlaumu. Mkono wa Haji Dhiab ulikuwa bado begani, watu thelathini wameinama mbele, finjani thelathini zimetulia.

“Hakuumia,” Wasfi akasema. Na kama vile hilo halitoshi, akaongeza ambalo hakuna aliyemwomba. “Nyumbani kwangu tulicheka.”

Watu wakacheka naye. Haji Muflih alimtazama kidogo, kisha akainua finjani yake akanywa, na sisi tukanywa. Nje, Thamer alimkumbatia Wasfi mpaka akamnyanyua kutoka ardhini. Mimi nilimpongeza. Ndiyo, nilimpongeza, sikujua.

Video ilifika nyumbani kabla yake. Aliporudi jua lilikuwa bado halijatua. Tala alikuwa kwa jirani, na Nisrin amekaa jikoni, simu mbele yake, picha imesimamishwa pale ambapo mumewe amefungua kinywa.

“Tulicheka,” Nisrin akasema. “Lini?”

Wasfi akavuta kiti. “Walikuwa watu thelathini, Nisrin.”

“Nimewaona.”

“Haji Dhiab alinishika bega. Ningesema nini?”

“Dada yangu ameshaiona. Mjomba wangu ameshaiona. Ameniuliza kama nilicheka kweli, ili na yeye ajue kama anapaswa kucheka.”

Alisema hayo bila kupaza sauti. Kisha akasema jambo ambalo Wasfi hakulitegemea.

“Siku alipoachishwa kazi, nilidhani ni wewe uliyeandika. Kila ukikaa kula nakuangalia, nasema moyoni, ni huyu. Sikukuuliza. Niliogopa utaniambia hapana.”

Wasfi aliniambia kwamba hapo alihisi kama amefunguliwa mlango. Wiki nzima alikuwa anatafuta mtu mmoja duniani wa kumwambia, na mtu huyo alikuwa jikoni kwake, tena alikuwa amefurahi. Akatoa simu, akafungua ile anwani isiyo na jina, akamsogezea barua.

“Ni mimi,” akasema. “Soma. Ni mimi.”

Nisrin aliisoma yote. Penye nyumba zinazoumia alirudia mara mbili.

“Kwa hiyo ulijua,” akasema.

“Nilijua. Ndiyo maana niliandika.”

“Tangu nilipoiona hiyo video nilikuwa nakutafutia udhuru. Nikasema Wasfi hakuelewa. Alidhani ni mzaha kweli, wanaume hawaoni. Nilikuwa nimeshaupata, nilikuwa nakusubiri wewe tu.” Akamrudishia simu yake juu ya meza. “Sasa na huo umenipokonya.”