Usitoke Hapo

Mtu akipiga simu kulalamika juu ya maji kwenye kampuni ndogo ninayoifanyia kazi hapa Bukavu, sauti ya kwanza anayoisikia ni yangu. Si mimi mwenyewe. Ni sauti iliyorekodiwa, inayojirudia na muziki hadi mtumishi apatikane, na mara nyingi mtumishi hapatikani.

Kabla yangu ilikuwa sauti ya mwanamume, Kifaransa kitupu. Nilikichukia. Mama wa watu bomba lake limekauka tangu asubuhi, halafu unamjibu kwa Kifaransa cha waziri? Nikamsumbua mkubwa wangu mpaka akachoka, akanipa sentensi niitafsiri mwenyewe: *Ne quittez pas, un agent va vous répondre.* Kiswahili cha vitabuni nacho nilikikataa. Nilitaka kile tunachozungumza jikoni. Nikarekodi kwa upole, vile ninavyoongea na watu wa kwetu: "Maman, papa, usitoke hapo. Mutu wetu anakuya kukujibu."

Ofisini walinipigia makofi. Maneno yale, *ne quittez pas*, kwa Kifaransa cha simu maana yake ni usikate, basi. Kwa Kiswahili yanamwambia mtu asiondoke alipo, na huyo anayekuja anakuja kwa miguu yake mpaka mlangoni. Hakuna kati yetu aliyelisikia hilo, kwa kuwa sote tulikuwa tunasikia Kifaransa vichwani. Nilijivuna wiki nzima.

Mama mdogo, anayemfuata mama yangu, ndiye aliyenipa mahali pa kulala miaka yote ya chuo kikuu. Nyumba yake ya mbao na udongo ilikuwa kwenye mteremko wa Kadutu, na juu yake lilipita bomba la kampuni yetu. Msimu wa mvua uliopita bomba hilo likapasuka, maji yakaanza kuchimba nyuma ya jikoni. Akafanya vile nilivyomwambia siku zote afanye: akapiga simu kwenye kampuni. Akanisikia mimi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na jirani yake, na ilibidi nimbembeleze. Alimkuta mama mdogo amekaa sebuleni karibu na mlango, simu mapajani, maji yakipita chini ya ukuta. Akamwambia, "Maman, kuya kwetu. Hii nyumba haiko muzuri."

Mama mdogo akamjibu bila wasiwasi, "Mutoto wangu ameniambia nisitoke. Banakuya."

Jirani akakimbia kuwatoa watoto wake kwanza. Alikuwa bado hajarudi ukuta wa jikoni ulipoanguka, ukavuta ule wa sebuleni, ukamvunja mama mdogo mguu.

Hospitalini familia nzima ilikuwepo. Nilisimama kando ya kitanda nikitamani anigombeze mbele yao. Badala yake aliwaeleza kwa fahari jinsi nilivyompokea vizuri kwenye simu. Shemeji mmoja akanitazama, nikainamisha macho. Nimeona aibu nyingi, lakini ile sikujua niipeleke wapi, na mpaka leo najisikia mwenye hatia kila nikimwona anainuka kitini. Sasa anaishi kwangu na anatembea kwa gongo.

Nilirekodi upya. Mkubwa wangu aliona maneno mapya yatawatisha wateja, nikamwambia basi watishike. Safari hii niliwasomea kwanza wanawake watatu wanaouza sambaza, dagaa wa ziwani, nje ya ofisi, nikawauliza wamesikia nini, nikabadilisha mpaka wote wakasikia kitu kimoja. Jioni nikapiga namba yetu nikiwa nyumbani, nikafungua sauti ili mama mdogo asikie.

"Usikate simu. Hii ni mashini inasema. Hakuna mutu mwenye kuwa mu njia. Kama maji inaingia mu nyumba, toka kwanza, kisha utapiga tena."

Alisikiliza mpaka mwisho, akairudisha simu mkononi mwangu.

"Hii iko muzuri," akasema. "Kila mutu ataelewa."

Nikaanza kumwomba msamaha, kwa mara nyingine. Akanishika mkono ninyamaze.

"Lakini sikujua kama ni weye. Ile ya kwanza ilikuwa weye kabisa, mutoto wangu. Ingekuwa ni mutu mwingine, ningetoka."