Pascaline haandiki jina mpaka mzizi ushike

Asubuhi na mapema, ukungu wa Ziwa Kivu ukiwa bado umelala mtelemkoni, Pascaline Nabintu anasimama mbele ya kipande cha tawi kilichofungwa kwenye nguzo kwa kamba ya mgomba. Juu ya tawi hilo kuna okidi ndogo, majani yake manene na mafupi. Anaweka kidole gumba kwenye mzizi mmoja mweupe na kuusukuma taratibu. Mzizi unacheza.

"Bado," anasema, anachukua ndoo yake ya maji ya mvua na kusogea mbele.

Okidi zote za jirani zina vibati vidogo vilivyokatwa kwenye makopo ya maziwa na kuchorwa majina kwa msumari. Hii haina. Aliyeileta ameshaulizia kibati chake mara kadhaa, na kila mara amejibiwa vilevile. "Aulize hata kila siku," anasema Pascaline, wala hapunguzi sauti. "Kama haiyashika, miye siandike."

Hapa ni Bustani ya Papa Christophe, juu ya ziwa, katika mojawapo ya vilima vya Bukavu ambako nyumba zimebanana hadi paa la mmoja liko usawa wa ua wa mwenzake. Katikati ya mabati hayo yote, kipande hiki cha kijani kinaonekana hata ukiwa kwenye boti ya kutoka kisiwa cha Idjwi. Ndani yake mna okidi zaidi ya mia mbili, na hakuna hata moja iliyonunuliwa dukani.

Karibu zote zimekuja kichwani. Wanawake wanaoshusha kuni na mkaa mjini ndio waliozibeba. Okidi za huku haziishi ardhini. Hukaa juu ya miti mikubwa, zikila mvua na hewa, na mti ukikatwa zinaanguka nao na kuungua nao. Isipokuwa mwanamke mmoja akumbuke kuvunja lile tawi lenye "majani ya juu", alichomeke kwenye mzigo wake na kupita nalo hapa.

Ndiyo maana ya vibati. Majina ya Kilatini yapo, yamepangwa kwenye kibao kimoja kikubwa mlangoni, na Pascaline anayasoma kwa wageni bila kujikwaa. Lakini kwenye ua lenyewe limeandikwa jina la aliyelibeba. Apolline. Colombe. M'Bulonza, yaani binti wa Bulonza, kama Washi, wenyeji wa huku, wanavyowaita wanawake wao kwa jina la baba. Mwenye kibati haingii kwa kulipa. Jumapili baada ya misa wanakuja na wajukuu, wamevaa vitenge vya kanisani, na kila mmoja anakwenda moja kwa moja kwenye ua lake na kusimama mbele yake kana kwamba anapigwa picha.

Pascaline, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, anayajua maisha hayo kwa shingo yake mwenyewe. Alizaliwa kijijini Nyantende, na tangu usichana alikuwa akipanda na kushuka na mizigo ya kuni. Siku moja mwalimu mstaafu alimsimamisha barabarani. Hakutaka kuni. Alitaka yale majani yaliyong'ang'ania kwenye gogo la juu.

"Nilisema mu roho, huyu muzee kichwa yake haiko muzima," anakumbuka, na anacheka hadi anaweka ndoo chini. "Nikamupa. Juma ingine akanirudia tena. Nikaona, hapana, kuna kitu."

Miezi michache baadaye mzee huyo, Papa Christophe, alimwajiri kumwagilia na kufyeka. Alipokwenda Lwiro kwa siku chache kuwaona watafiti wa mimea, alimwachia bustani, na hapo Pascaline alifanya kosa ambalo ni mtu wa Bushi tu, nchi ya Washi na migomba yao, angeweza kulifanya kwa moyo mweupe namna ile. Alizionea huruma zile okidi, zinaning'inia hewani bila udongo. Akazibandua zote kutoka kwenye matawi, akaipunguza mizizi kwa kisu kama mtu anavyotayarisha kichipukizi cha mgomba, akazipanda kwenye udongo mweusi na kuzirundikia samadi ya ng'ombe ya kutosha, ile ya kumtunzia mtu unayempenda.

Mzee aliporudi, zilikuwa zimeoza. Pascaline alisubiri kufukuzwa. Mzee alichutama, akazichimbua moja moja, kisha akamweleza maneno ambayo leo anayarudia kwa kila darasa la shule linalotembelea bustani.

"Aliniambia, Pascaline, uliipa chakula ya migomba. Hii haikulaka udongo. Inashika. Ikishika, itajilisha yenyewe."

Moja tu ilipona, kwa sababu alikuwa ameisahau kwenye gogo nyuma ya jiko. Ipo hadi leo. Ina kibati kilichopauka kuliko vyote, na jina lililoandikwa ni la Pascaline. Hapo ndipo ilipotoka sheria ya bustani: tawi linafungwa, linasubiriwa, na jina linatundikwa siku mzizi mpya utakapokuwa umeushika mti kwa nguvu zake wenyewe.

Papa Christophe alifariki miaka miwili iliyopita. Bustani ikawa ya watoto wake wawili: Guy, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na Elodie, muuguzi anayeishi Kinshasa. Na kiwanja, au parseli kama wasemavyo huku, chenye mandhari ya ziwa, katika mji ambao watu wanajenga hata kwenye kingo za makorongo, si kitu cha kukaa bila wenyewe kukitazama mara mbili. Wanunuzi walianza kuja na futi zao. Walipima kati ya maua, na Pascaline aliwafuata nyuma akinyoosha majani waliyoyasugua.

Guy si mtu mbaya, na Pascaline ndiye wa kwanza kusema hivyo. Ana watoto chuoni, na nyumba yake mwenyewe ina ufa ulioletwa na mmomonyoko. "Bustani ni maua ya baba yangu, lakini parseli ni maisha ya batoto yangu," alimwambia mwandishi bila kuficha. Alichokuwa akisubiri ni sahihi ya dada yake tu.

Elodie alipopiga simu kusema anakuja kuiona bustani kabla ya kutia sahihi, Pascaline alifanya hila. Alimwomba aiahirishe safari kwa juma moja. Hakusema kwa nini. Sababu ilikuwa ile okidi ya M'Bulonza, ambayo tangu ifike, miaka saba iliyopita, ilikuwa imetoa majani tu. Sasa ilikuwa imetoa shina, na kwenye shina kulikuwa na vitumba vya maua.

M'Bulonza ni bibi wa Nyantende, mkavu wa maneno, aliyeacha kubeba kuni magoti yalipokataa. Kila Jumapili kwa miaka yote hiyo alikuja, akaitazama okidi yake, akasema "bado," akakaa kidogo kwenye benchi, akaenda zake. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba amezaa mtoto mgumba.

Jumapili ile Elodie na Guy walifika saa nne. Pascaline alikuwa amevaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, na moyo wake, anasema, ulikuwa ukipiga kama wa bibi harusi, kwa sababu vitumba vilikuwa bado vimefumba. Mipango yote ya juma zima ilikuwa imeharibika. Aliwatembeza hivyohivyo, mti kwa mti, bila kuwaomba lolote. Elodie alianza kuyasoma majina kwa sauti, kwanza kwa adabu tu, halafu polepole, akiuliza huyu ni nani, na huyu, yuko hai?

Wengi walikuwa hai. Walikuwa pale pale wamesimama mbele ya maua yao.

M'Bulonza aliingia wa mwisho, na fimbo yake. Hakumsalimia mtu. Aliitazama okidi, akasema "bado," akaketi.

Elodie alimsogelea, akampa shikamoo ya Kishi, akamuuliza itafunguka lini. Bibi alisema hiyo ni kazi ya Mungu na Pascaline. Pascaline akasema juma hili hili. Basi Elodie akamgeukia kaka yake, aliyekuwa na miadi na wanunuzi kesho yake asubuhi.

"Uwaambie bangojee kwanza," alisema. "Huyu maman anangojea miaka saba. Siye hatuwezi kungojea siku tatu?"

Guy alikasirika, na hakuona haya kukasirika mbele ya watu. Lakini aliwapigia simu.

Ua lilifunguka Jumatano mchana. Jioni, Guy mwenyewe alimtuma mwendesha pikipiki Nyantende kumchukua bibi, akimsihi asikimbize. M'Bulonza alishushwa, akasimama mbele ya ua jeupe, jembamba, lenye mkia mrefu, si kubwa kuliko kiganja cha mtoto. Alilikagua kwa muda.

"Miaka saba, juu ya hii kidogo?" akasema.

Watu walicheka hadi machozi, hata Guy. Pascaline hakucheka. Alimshika bibi mkono na kumwomba angoje. Jua lilipoanza kuzama, harufu ilitoka, kwa sababu maua meupe ya namna hii hunyamaza mchana kutwa na kuzungumza jioni. Ilitoka tamu na baridi, ikashuka hadi kwenye benchi. M'Bulonza alifumba macho. Alikataa kurudishwa nyumbani hadi giza lilipoingia, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Guy aliketi kando yake, na Pascaline anasema ndipo alipomwona akifuta macho kwa mkono wa shati, akisingizia mbu.

Sahihi haikutiwa. Kaka na dada wamekubaliana kuketi tena Krismasi na kutoa uamuzi wa mwisho, na Pascaline hadanganyi mtu kwamba hali imeshatengemaa. Ufa wa nyumba ya Guy bado upo, na wanunuzi bado wanapiga simu. Ila tangu jioni ile shule mbili zimeomba kuleta wanafunzi, na wanawake wanashusha matawi mengi kuliko zamani. Pascaline ana mpango wa kujenga kivuli cha pili upande wa chini, kwa fito za mianzi, ili okidi mpya zisikae juani.

"Batu banasema miye ni mulinzi wa maua," anasema, amejishika kiuno. "Hapana. Miye nilijifunzaka kuishikisha. Bukavu muzima, nionyeshe mutu mwingine mwenye anaweza hii kazi."

Anarudi kwenye lile tawi lisilo na kibati. Lililetwa wiki chache baada ya jioni ile, kutoka kwenye mti uliokatwa mahali panapojengwa nyumba. Aliyelileta hakulibeba kichwani. Alilileta kwenye gari, amelishika mwenyewe mapajani muda wote, na shati lake la dukani likajaa ukoga. Alikuwa Guy.

Ndiye anayeulizia kibati chake. Pascaline amekwisha kukikata, kipo mfukoni mwa aproni yake, na anakitoa kukionyesha: bati safi, kingo zimelainishwa kwa jiwe, halina mchoro wowote.

Anaweka tena kidole gumba kwenye mzizi, mara hii ule wa upande wa pili, uliojificha chini ya jani. Anasukuma. Anasukuma tena, kwa nguvu zaidi kidogo.

Halafu anaanza kutafuta msumari.